Mwaka niliosawazisha mchanga

Asubuhi niliyotoka Kinama, mtaa wetu wa Bujumbura, sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nilikwisha kuiacha, na mguu wangu haukupenda kukaa. Nilifunga nguo mbili ndani ya kitenge, nikafagia uwanja kama kila siku, nikaegesha ufagio ukutani, nikaondoka. Nilipita sokoni, nikavuka mjini, nikaendelea kusini kwa sababu huko sikukujua. Jua lilipoanza kuchoma nilikuwa chini ya kilima cha Kinanira, na mbele yangu alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe amebeba ndoo ya mchanga mbichi. Alikuwa akienda hatua ishirini, anaitua, anapumua, anaibeba tena. Nilimfuata nikihesabu hatua zake. Mara ya nne alipoitua, nikaichukua mimi.

"Mzee, unajenga?" nilimuuliza.

Aligeuza kichwa akanipa sikio la kulia. Baadaye nilijua la kushoto lilikuwa limekufa. "Unasema?"

"Mchanga huu. Unajenga nyumba?"

"Mi apana. Ni samaki ndiye atajenga."

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikabeba ndoo hadi juu, kwa sababu mtu akiniambia jambo kama hilo siwezi kugeuka na kwenda zangu kabla sijaliona kwa macho. Hivyo ndivyo nilivyokaa Kinanira mwaka mzima, mimi ambaye kabla ya hapo na baada ya hapo sijakaa mahali kwa utulivu hata nusu yake.

Naandika haya nikiwa na spoku ya baiskeli mezani, imenyooka, ncha moja imesuguliwa ikawa butu. Mwezi uliopita Aisha, binti wa yule mzee, alinipigia kutoka Rumonge kwamba baba yake ametangulia. Nilifika kwenye dua ya arobaini, nikala pilau na wanawake jikoni, na wakati wa kuaga Aisha akanitolea spoku hiyo imeviringwa kitambaa. "Alisema hii ni ya Faida," akaniambia, akilitaja jina langu. "Sisi tulikuwa tunadhani ni ya kuchokonolea moto." Nimevuka miaka arobaini sasa, nimefanya kazi za kila namna katika miji ambayo mingine nimesahau majina yake, na bado nikiishika spoku hii mkono wangu unajua la kufanya.

Mzee Radjabu alikuwa mlinzi wa nyumba kubwa ambayo mwenyewe alihamia Ulaya. Yeye alikaa kwenye anekse ya nyuma: chumba chake, jiko, stoo ambayo niliwekewa godoro, na sebule aliyoiita salon. Ndani ya salon kulikuwa na viti viwili vyenye vitambaa vya kufuma, mkeka wa kuswalia umekunjwa juu ya kabati, na tanki la kioo lililotoka ukuta hadi ukuta. Alilijenga humo humo ndani, yeye na rafiki yake Sulemani, fundi wa magari wa Buyenzi, wakaunganisha vioo kwa gundi. Walipomaliza ndipo wakapima mlango. Tanki lilikuwa pana kuliko mlango kwa mkono mzima. Ndani yake kulikuwa na maji ya ziwa, mawe manne makubwa, mchanga, na samaki saba wa jamii moja. Sita walikuwa wa rangi ya majivu, wengi wao majike. Wa saba alikuwa dume, mweusi wa kung'aa na bluu kidogo ubavuni, mwenye mapezi mawili ya tumbo marefu kama nyuzi, na mwisho wa kila uzi tone la njano. Mzee alikuwa mpiga mbizi tangu ujanani. Aliwakamata samaki wa namna hiyo miaka mingi kwa ajili ya watu waliowasafirisha ng'ambo, mpaka maji yakamvunja sikio. Hawa saba aliwaleta siku yake ya mwisho.

"Utakaa siku ngapi?" aliniuliza jioni ile, tukila.

"Moja."

"Bon. Moja inatosha kufunzwa kuosha mchanga."

Nilidhani mchanga ni mchanga. Nilikosea. Kwanza tuliuchekecha kwa kipande cha chandarua, mchanga ukapita na kokoto zikabaki juu. Kisha tukauosha kwenye beseni, mkono ukizungushwa taratibu, maji yanamwagwa, mengine yanatiwa. Sabuni hakutaka hata kuisikia, na mkono ulioshika sabuni asubuhi hakuuruhusu kwenye tanki siku hiyo. "Ukiona kucha zako chini ya maji, basi, imetakata," alisema. Niliosha ndoo moja tangu asubuhi hadi adhuhuri kabla sijaziona kucha. Halafu akanionyesha kuutandaza: vidole viwili upande wa mbele, vitatu nyuma, si zaidi, maana mchanga mnene unakosa hewa na kuoza ndani kwa ndani. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula yalinyonywa kwa tuyo, mpira mwembamba wa maji. Unavuta kwa mdomo mpaka maji yaje, unashusha mwisho wa tuyo kwenye ndoo, na ule mwisho mwingine unaupitisha juu ya mchanga kwa umbali wa kidole kimoja, ili uchafu upande na mchanga ubaki. Mara ya kwanza nilimeza maji, Mzee akasema sasa mimi ni mtu wa ziwa. Kulikuwa na konokono wadogo wenye maganda marefu ya ncha, waliozama mchangani mchana wakiutifua polepole. Na mara moja kwa wiki, spoku: kuchoma mchanga wima, hapa na pale, bila kuukoroga, ili upumue. Siku ya pili ikafuata, kisha ya tatu, na hakuna aliyeniuliza tena.

Chakula chetu kilikuwa bugali na mboga ya lenga-lenga, na mara nyingi ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, waliokaangwa kwa mawese. Siku za ndagala Mzee aligeuza kiti chake akalipa tanki mgongo. Hakueleza kwa nini, na mimi nikajifunza kugeuza changu. Sulemani, aliyekuja kila Ijumaa baada ya swala akiwa bado ana grisi kwenye kucha, hakugeuza.

"Dunia yote samaki analisha mutu," alisema akitafuna. "Ni hapa Kinanira tu mutu analisha samaki."

"Kula unyamaze," Mzee alisema.

"Siku moja nitakuja na ndimu na pilipili. Ile nyeusi yenye ndevu, njo yangu."

"We leta ndimu. Nitakukamulia machoni."

Ijumaa moja nilikuwa nachambua mchele jikoni, mlango uko wazi, na kwa kuwa Mzee hakusikia vizuri hawakujua kunong'ona. Sulemani alimuuliza kama ni kweli nyumba inauzwa. Mzee akasema ni kweli, kiangazi kijacho wanataka funguo, na yeye atakwenda kwa Aisha.

"Na hii kioo?"

"Itapita wapi? Wataivunja."

"Sasa unahangaika na mchanga ya nini?"

Nilisikia kiti cha Mzee kikisogezwa. Kisha Mzee akasema, "Kule chini huyu dume anajenga. Anabeba mchanga kwa mdomo, punje kwa punje, anafanya kitu ya muviringo kama sahani, na kingo zake. Anakaa katikati anangojea bibi. Mi niliona elfu. Hapa hajajenga hata siku moja. Minataka nione amejenga. Moja tu. Kisha waje wavunje."

Niliweka ungo chini. Sijui niseme nini kingine isipokuwa kwamba tangu dakika ile sahani ile ya mchanga ilikuwa yangu pia. Nilikuwa sijawahi kutaka kitu cha mtu mwingine kwa nguvu namna hiyo, tena kitu ambacho hakiliwi wala hakivaliwi. Kabla kiangazi hakijarudi, dume atajenga na Mzee ataona. Nilijiambia hivyo nikiwa peke yangu jikoni, kwa sauti.

Haikuanza vizuri. Wiki chache baadaye mguu ulinishika tena. Nikawa nateremka bandarini kila alasiri kusikiliza wapakuaji wa mizigo wakitukanana kwa lugha nne, narudi jioni nimechoka, na spoku ikakaa wiki tatu bila kuguswa. Siku niliyokumbuka niliona doa jeusi nyuma ya jiwe kubwa. Nikaona aibu. Badala ya kulichoma taratibu, nilichukua mwiko nikafukua mpaka chini, haraka, nimalize kabla Mzee hajaamka. Mapovu yakapanda. Harufu ya mayai yaliyooza ikajaa salon, na dakika chache baadaye samaki wote walikuwa juu ya maji, vinywa wazi, wakihema. Nilipiga kelele kwenye sikio la kulia la Mzee. Alitoka na shuka kiunoni, akatazama mara moja, akasema, "Maji."

Nilibeba maji siku ile. Nilishuka ziwani na bidoni mbili, nikapanda, nikashuka, nikapanda, mpaka mabega yakawa hayana tena maumivu ila moto tu. Mzee alinyonya mchanga mweusi kwa tuyo mpaka kioo cha chini kikaonekana, akajaza maji niliyoleta, na umeme ulipokatika na pampu ya tanki ikanyamaza alikaa juu ya stuli akichota kwa jagi na kumimina kutoka juu ili maji yapate hewa. Majike wawili walikufa. Dume alilala ubavu mpaka alasiri, kisha akajiinua. Mzee hakunigombeza. Alikunja shuka yake akasema tu, "Kazi ya wiki tatu uliifanya dakika moja," akaenda kutawadha.

Ningependa angenigombeza. Kwa kuwa hakufanya hivyo, nilijigombeza mwenyewe, na mimi nikijigombeza najua dawa moja tu, ile niliyokua nayo Kinama. Huko mwanamke anajulikana kwa uwanja wake. Kabla jirani hajapita, uwanja uwe umefagiwa, mistari ya ufagio imelala upande mmoja, hakuna jani, hakuna kilima, hata alama ya mguu wa kuku ni aibu. Nikaamua mchanga wa tanki utakuwa hivyo. Nilitafuta rula ya mbao. Kila asubuhi, Mzee akiisha kuswali alfajiri na kurudi kulala kidogo kama alivyozoea, niliingia salon, nikaosha mkono kwa maji matupu, nikanyonya uchafu, kisha nikapitisha rula kutoka ukuta hadi ukuta mpaka mchanga ukawa sawa kama shuka iliyopigwa pasi. Hakuna aliyenifundisha hilo la mwisho. Niliongeza mwenyewe, na nilijivunia. Asubuhi nyingi karibu na jiwe la kushoto nilikuta kichuguu kidogo, ukubwa wa kikombe. Nilidhani pampu ndiyo inayousukuma mchanga pale. Nilikisawazisha cha kwanza, cha kesho yake, na cha kesho kutwa. Sikukosa asubuhi hata moja. Mvua zikaja, barabara ya kilima ikawa tope, zikaisha, na mimi nikiwa na rula yangu. Mzee akiamka alikaa kwenye kiti chake na chai, anatazama. "Maji safi," alisema. "Mchanga safi. Sasa anataka nini huyu?" Alianza kusema labda dume amezeeka. Alianza kusema labda ni yeye Mzee amezeeka. Vile vichuguu vikawa vidogo, kisha siku nyingine havikuwepo kabisa, na mimi nikafurahi kwamba hatimaye pampu imetulia.

Ilipofika Idi, Mzee alikwenda Buyenzi kwa Sulemani na mimi nikaenda Kinama kuwasalimu watu. Kwa mara ya kwanza samaki waliachwa peke yao, siku tatu. Nilirudi kabla yake, asubuhi na mapema. Sikuvua hata viatu, niliosha mkono nikachukua rula, nikainama.

Karibu na jiwe la kushoto palikuwa na sahani. Siwezi kuieleza vizuri zaidi ya Mzee. Ilikuwa ya mviringo kamili, pana kama sahani ya kulia watu wawili, kingo zimepanda kote kwa kimo kimoja, katikati imelainika. Dume alikuwa mweusi kuliko nilivyowahi kumwona. Alishuka katikati, akajaza mdomo mchanga, akapanda ukingoni, akautema, akarudi. Rula ilikuwa tayari ndani ya maji. Niliitoa polepole sana. Nikakaa sakafuni na viatu vyangu, na asubuhi zote zile zikanijia moja moja: kile kikombe, kile kingine, mdomo baada ya mdomo, na mimi juu yake kila siku nikiwa na ubao, nikijisifu.

Mzee alifika saa sita na Sulemani. Nilikuwa bado pale. Mzee alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa kioo, akavua kofia. Sulemani alifungua mdomo kusema jambo la ndimu, akaufunga. Mzee akasema, "Alhamdulillahi," kisha akanigeukia macho yana maji. "Ni huyu mutoto, Sulemani. Ni mikono yake. Mchanga kama hii hata kule chini akuna."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa ameona, na ndicho nilichokuwa nimekitaka. Nimewaza mara nyingi katika maisha yangu kwamba ningenyamaza angekufa akiniita mikono yenye baraka, na hakuna mtu ambaye angeumia. Lakini aliposema "mikono yake" niliitazama, na nikaenda upande wa sikio lake la kulia.

"Mzee, ni mimi niliyemzuia."

"Unasema?"

"Alikuwa anajenga. Tangu mvua. Anaanza alfajiri ukiwa umelala. Mi nilidhani ni pampu. Nilikuwa nafagia."

"Siku ngapi?"

"Kila siku."

Sulemani alitazama dari. Mzee alirudi kutazama tanki, akimfuata dume kwa macho akipanda na kushuka. "Unajua vile tunawakamata?" aliniuliza. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Dume yenye haijajenga, hauwezi kuikamata, inakimbia. Tunangojea ajenge. Akiisha kujenga akimbii tena. Unaleta wavu juu yake, anakaa tu anakutazama, anasukuma wavu na kichwa. Na miguu yetu inakanyaga ile nyumba. Miaka makumi mbili, kila siku, njo ilikuwa kazi yangu." Akavaa kofia. "We ulikuwa haujui. Mi nilikuwa minajua."

Tangu hapo rula ilikaa juu ya kabati, karibu na mkeka. Nilinyonya uchafu pembezoni tu, nikatumia spoku mbali na jiwe la kushoto, na kila asubuhi Mzee hakurudi kulala. Tulikunywa chai sote wawili mbele ya kioo. Wiki ya tatu jike mmoja aliingia ndani ya sahani, akazunguka na dume, na kesho yake akawa na koo lililovimba na hataki chakula. "Ameweka mayai mudomoni," Mzee alisema. "Atafunga kula mpaka watoto watoke." Kisha akaongeza, kana kwamba tulishakubaliana zamani, "Tutawarudisha."

Kiangazi kiliporudi Aisha alikuja na pikapu ya jirani yake. Tuliweka samaki kwenye mapipa mawili, na mchanga wote kwenye ndoo, kwa sababu Mzee alisema nao si wa Kinanira. Sulemani alibaki na nyundo ya kuvunja kioo, na nilimwona akifuta machozi kwa mkono wenye grisi, akajichafua uso. Kutoka Bujumbura hadi Magara, kusini kando ya ziwa, nilikaa nyuma ya gari nikichota kwa jagi na kumimina, nikichota na kumimina, mpaka nikafika nimelowa kifua chote. Mzee alikunja suruali akashuka kwenye mawe aliyoyajua kwa nyayo. Jike mwenye mayai alitangulia. Dume alitoka wa mwisho, akasimama kidogo katikati ya miguu ya Mzee, kisha hakuwepo. Nilimwaga mchanga ndoo baada ya ndoo, ukashuka kama moshi na kutulia.

Aisha aliwasha gari kwenda Rumonge. Nikasema mimi nabaki.

"Iko na mutu hapa?" Mzee aliuliza.

"Apana."

Alinitazama, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali jambo ambalo hawezi kulizuia, akaniwekea mkono kichwani, akapanda. Spoku ilikuwa mfukoni mwake. Niliona ncha yake ikitokeza.

Nilipanda barabarani na kitenge changu kilekile. Nyumba ya tatu mwanamke mmoja alikuwa akianua mihogo. Alijiita Mama Keza. Alinisikiliza, akanionyesha chumba cha nyuma chenye mkeka na magunia, akauliza nitakaa siku ngapi.

"Moja," nikasema.

"Hapa kwangu anayelala anafagia," akasema, akanipa ufagio.

Jua lilikuwa bado juu. Nilifagia uwanja wake kama nilivyofunzwa, mistari upande mmoja, kutoka mlangoni hadi kwenye uzio. Karibu na jiko kuku mwekundu alikuwa amejichimbia shimo la mviringo kwenye vumbi, amelala ndani yake akijirushia mchanga mgongoni. Nilifika pale nikasimama. Kisha nikapitisha ufagio kulizunguka shimo, nikaendelea.

Mama Keza alikuwa ameketi kizingitini akitazama. "Umeacha pale," alisema.

"Nimeona, Mama," nikamjibu. "Pale pana mwenyewe."